Cha Daftari na cha Mdomoni

Katika mji ule ilikuwa alasiri, na ilikuwa alasiri tangu zamani. Jua lilikaa juu ya paa za mabati, halipandi wala halishuki, na vivuli vya watu vilikuwa vimechoka kulalia upande mmoja. Msidhani ni muujiza. Watu wa mji ule hawakuwa na saa. Walijua wakati kwa pua. Harufu ya mahamri ikitoka majikoni, kumekucha. Samaki akianza kulia mafutani, adhuhuri imefika, mwenye jembe na aliweke chini. Vitunguu vya mchuzi wa jioni vikigeuka rangi, mama alitoka barazani akaita watoto wake kwa majina. Kisha ikatokea alasiri moja majiko yakawaka kama kawaida lakini hayakunukia. Pua zikasubiri. Wakati nao ukasubiri, na haujaondoka hapo mpaka leo.

Mtu mmoja tu alipaswa kueleza kwa nini majiko yaliacha kunukia, naye alikuwa wa mwisho kujua. Jina lake Mwanamize binti Kaije. Umri wake sitautaja, maana katika alasiri isiyokwisha mtu hazeeki, anachakaa tu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha kamba, bakuli mkononi, akimtazama mama yake aliyelala. Bi Kaije alikuwa ajuza wa mifupa na ngozi, kichwa cheupe kama pamba, na kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amejifungua leo.

"Wa kike au wa kiume?" Bi Kaije aliuliza.

"Wa kike, mama."

"Usiniite mama. Ataniita mama mwanangu. Nyinyi wakunga hamchoki kujipendekeza." Akageuza uso ukutani. "Na uji wangu uko wapi? Tangu lini mzazi akalazwa na njaa?"

Uji alioutaka ni ule anaopewa mwanamke akishatua mzigo wa miezi tisa, uji wa pilipili manga, wa kumtia joto tumboni na kumrudishia roho. Bila huo hakutaka kitu. Wali aliutema. Supu aliifunga nje kwa meno. Maji aliyanywa matone mawili matatu, kwa heshima tu. Siku hazikuhesabika katika mji ule, kwa hiyo Mwanamize alihesabu mbavu. Alipoanza kukesha pale zilionekana mbili. Sasa zilikuwa saba, zimepangana chini ya kanga. Mama yake asipoupata uji wake atakufa, na atakufa akiamini kwamba dunia nzima ilimpokea mtoto ikamsahau mzazi.

Mtu atacheka. Binti Kaije akose upishi wa uji! Yeye, mwenye Nyumba ya Madaftari!

Nyumba hiyo ilikuwa katikati ya mji, na juu ya mlango wake Mwanamize aliandika kwa rangi nyeusi maneno ambayo kila mtoto anayajua: *mali bila daftari hupotea bila habari*. Ndani, rafu zilipanda mpaka darini. Kulikuwa na madaftari ya shule yenye jedwali la kuzidisha mgongoni, na ndani yake, badala ya hesabu, biriani. Kulikuwa na karatasi za pakiti ya sukari zilizoandikwa namna ya kuchachusha mkate wa kumimina, na kadi za harusi zilizogeuzwa zikapewa achari ya ndimu upande wa pili. Kulikuwa na daftari kubwa la chama cha akina mama wa Mtaa wa Visima, lililoandikwa na mikono kumi na saba, kila mkono na wino wake na majivuno yake. Kurasa zilikuwa na madoa ya samli na alama za vidole vya manjano, na neno lililorudiwa kuliko yote lilikuwa *kiasi*. Chumvi kiasi. Iliki kiasi. Moto kiasi. Hapo mwanzo Mwanamize aliwahi kumuuliza mwanamke mmoja, kiasi ni kiasi gani? Akajibiwa: kiasi ni kiasi.

Alikuwa amezunguka nyumba zote. Alisimama mlangoni, kalamu sikioni, akasema alichokwenda kusema, na alikisema kwa mapenzi ya kweli. Nisije nikamsingizia ubaya. "Mama zangu," aliwaambia, "nyinyi mtaondoka, kumbukumbu zitaondoka. Nipeni niandike. Na msihangaike tena kuwaweka mabinti jikoni kwenye moshi. Anayetaka kujua atakuja kwangu asome." Wakampa. Waliokuwa na madaftari walitoa madaftari, wasiokuwa nayo wakasema, yeye akaandika. Siku alipopachika rafu ya mwisho alilia kwa furaha, peke yake. Aliamini ameshinda mauti.

*Je, kitu kikiandikwa kimehifadhiwa, au kimezikwa penye alama?* Swali hilo lilimjia akiwa pale kitandani, na likawa halitoki. Kaburi nalo huandikwa. Kaburi nalo lina jina na mpangilio, na watu hupita wakasema, yupo hapa. Lakini nani aliwahi kula na aliye kaburini? Mtu akisema "huu ni wali wa bibi yangu", bibi yuko wapi katika sentensi hiyo? Katika mchele? Katika vibaba? Katika *kiasi*? Na mtu mwenyewe ni nini zaidi ya upishi fulani, kiasi cha hiki na kiasi cha kile, juu ya moto ambao hakuuwasha? Kama ni hivyo, basi anayemwandika mtu anamshika. Mwanamize aliuona mji mzima umekaa kimya kwenye rafu zake, na kwa mara ya kwanza akaogopa kuwa na kitu kingi hivyo.

Aliufungua ukurasa wa mama yake. Aliufungua kwa aibu, kwa sababu ulikuwa miongoni mwa za mwisho kuandikwa. Vya watu alivikimbilia. Cha nyumbani alisema hakikimbii.

*Unga wa mchele, kibaba kimoja. Tui la nazi mbili, jepesi kwanza, zito mwisho. Pilipili manga ya kutwanga, kiasi. Tangawizi kiasi. Iliki, punje chache. Sukari. Samli kijiko cha mti. Koroga upande mmoja, usigeuze mkono. Ukianza kusema, epua.*

Akapika. Alikuna nazi mwenyewe, akakoroga upande mmoja mpaka bega likafa ganzi, na uji ulipoanza kusema *pwa, pwa* akaepua. Mama yake alilamba ncha ya kijiko.

"Umepungua kitu."

"Kitu gani?"

"Ningekuwa na nguvu za kupika ningekuwa nimelala hapa?"

Akapika tena, akazidisha pilipili. Umepungua kitu. Akazidisha tangawizi, akapunguza sukari, akabadilisha nazi. Umepungua kitu, umepungua kitu. Basi akarudi kwenye rafu, kwa sababu mfa maji haachi kutapatapa, akaanza kupika nyuji za wazazi wa nyumba nyingine, daftari baada ya daftari.

Hapo mambo yalianza kumponyoka. Alipika uji wa Bi Rehani wa Mtaa wa Visima, na alipouonja akawa Bi Rehani. Alikuwa na hasira juu ya mume aitwaye Mbaraka, ambaye hakuwahi kumtia machoni, na goti la kushoto lilimuuma kwa anguko ambalo hakuanguka yeye. Uji ulipopoa tumboni akarudi kuwa Mwanamize, lakini hakurudi kamili. Alipika wa pili, akalea mapacha. Alipika wa tano, akafiwa. Kila alipoandika pembeni ya ukurasa kwamba umekataliwa, mkono ulitoa mwandiko wa mwenye daftari. Wa kwake aliutafuta asiupate. Alipofika daftari la arobaini alisimama katikati ya jiko na mwiko mkononi, hajui anamsubiri mume yupi.

*Mimi ni nani aliyepika huu? Ni yule aliyesema au yule aliyeandika? Nina watoto wangapi? Sina. Nina. Mama, niite jina. Niite tu, hata kwa kunitukana.*

Bi Kaije alilamba uji wa arobaini, akafumba macho. "Huu wa Rehani," alisema. "Hapana, wa Rehani ulishapita. Huu wa yule mfupi. Nao umebanwa kama nyingine zote."

"Umebanwa? Maana yake nini?"

Lakini Bi Kaije alikuwa ameshasinzia. Mbavu zilikuwa tisa.

Kulikuwa na mtu mmoja wa rika la mama yake ambaye alikuwa angali hai, Bi Shumbana, shoga yake wa tangu usichana. Mwanamize alivuka mji chini ya jua lile lile, akamkuta jikoni kwake, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akipepea majivu kwa kipepeo cha ukili. Moto haukuwamo.

"Shikamoo, Bi Shumbana."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kalamu?"

"Nimekuja na swali."

"Ndiyo hiyo hiyo." Akamwonyesha kigoda. "Hajambo Kaije?"

"Anasema uji umebanwa. Anasema zote zimebanwa. Kubanwa ni nini?"

Bi Shumbana alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akajipiga kifua, akacheka tena. "Ewe binti Kaije! Umekusanya vya watu wote usilijue hilo? Mtu akija mlangoni akakuomba upishi wako, humnyimi. Kunyima ni uchoyo. Unamtajia vyote, unabana kimoja. Hicho kimoja ni cha mdomoni. Anakipata binti anayekaa na wewe jikoni, siku atakayoshika kipepeo akakuchochea moto bila kutumwa. Hapo unamwinamia sikioni, unamwambia. Mara moja tu. Ndivyo tulivyopewa na sisi."

Mwanamize alihisi kigoda kinamwondoka. "Madaftari yote?"

"Yote."

"Hata la chama? Lenye mikono kumi na saba?"

"Hilo limebanwa mara kumi na saba."

Alizitazama kwa moyo rafu zake zikipanda mpaka darini, na katika kila ukurasa akaona tundu, dogo, la ukubwa wa neno, na kupitia matundu hayo upepo ukavuma ndani ya nyumba yote. Alipozungumza sauti ilikuwa ya mtoto. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulisimama mlangoni, mwanangu. Hata siku moja hukuingia ukakaa. Halafu ukatuambia tupumzike. Mwanamke aliyechoka ukimwambia apumzike, atapumzika. Mbona hilo hulioni? Mabinti wakaacha kuja jikoni, na sisi hatukuwaita. Kila mmoja alijua kwamba chake hakijaandikwa. Kila mmoja akasema, kikipotea changu si neno, vya wenzangu vipo. Ndivyo majiko yalivyoacha kunukia."

"Basi niambie chako. Angalau kimoja kisalie." Mwanamize akakichukua kipepeo, akatafuta kijinga kwenye majivu, akapepea kwa nguvu zake zote mpaka kijicho chekundu kikafumbuka. "Haya, nimechochea. Sikutumwa. Niambie."

Bi Shumbana aliinama. Midomo yake ikafika sikioni kwa Mwanamize, ikafunguka, ikafungika, ikafunguka. Mwanamize alisikia pumzi tu, pumzi ya mtu mzee, yenye joto.

"Kimeondoka," Bi Shumbana alisema, akashangaa mwenyewe. "Kilikuwapo. Kitu usichomwambia mtu hukaa mdomoni, kisha unakimeza pamoja na mate. Sijui nilikimeza lini." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, kwa hasira, kama anayefuta masizi. "Na hata ningekuwa nacho kisingekufaa. Cha mama yako anacho mama yako. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nenda, mngali pamoja."

Njiani Mwanamize hakuona watu, wala hakuitikia salamu. Alikuwa akiikumbuka siku alipouandika ukurasa wa mama yake. Alisimama mlangoni mwa jiko lao, kiatu kimoja nje. Mama yake alikuwa amechuchumaa mbele ya kuni mbichi, moshi umemjaa machoni. *Njoo unichochee huu moto nikwambie vizuri*, alisema. Na yeye akajibu: *Sema tu, mama, naandika, nina nyumba tatu nyingine leo.* Bi Kaije alimtazama kidogo. Kisha akasema, naye akaandika. Moshi ule! Alidhani macho yalimtoka machozi kwa ajili ya moshi. Wanasema majuto ni mjukuu, lakini Mwanamize hakujaliwa hata mtoto, na bado mjukuu huyo alimjia, akamkalia kifuani.

Mama yake alikuwa macho. Mwanamize hakuhesabu tena mbavu.

"Mama, ni mimi, Mwanamize. Kuna kitu hukuniambia kwenye uji. Niambie sasa. Sina kalamu, tazama mikono yangu."

Bi Kaije aliitazama mikono. "Mwanamize ni jina nitakalompa mwanangu," alisema. "Nani amekwambia?"

"Mimi ndiye mwanao."

"Mwanangu kazaliwa leo. Wewe una mvi." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba anayoitafuta. "Nimeshajua sitapata uji, hilo mwenyewe nimelisamehe. Lakini nina neno la mwanangu. La mdomoni. Desturi ni angoje akue aje jikoni, lakini mimi nimeona hawa wa siku hizi hawaji. Nitampa leo leo. Mleteni."

"Nipe mimi, nitamfikishia."

"La mdomoni halipitii kwa mtu. Mleteni mwanangu, nyinyi, mbona mnamficha? Amekufa? Semeni kama amekufa!" Akaanza kujaribu kuinuka, akishika kamba za kitanda.

Mwanamize alitoka mbio. Hakujua anakimbilia nini mpaka alipojikuta ndani ya Nyumba ya Madaftari, anachomoa. Alichukua daftari la mama yake, likawa jepesi mno. Akaongeza la Bi Rehani. Akaongeza la Bi Shumbana, na lile la chama, na mengine asiyoyatazama majina, akayapima mikononi mpaka mzigo ukawa na uzito wa mtoto. Akauviringisha kwenye kanga, akafunika pembe, akarudi nao ameukumbatia taratibu, kichwa chake mkononi. Alikuwa na hesabu moja tu: mama atamnong'oneza mtoto, naye atakuwa ameinama hapo hapo, atasikia.

Bi Kaije aliupokea mzigo. Uso wake, jamani, uso wake! Mikunjo yote ilitawanyika, na kwa muda mfupi Mwanamize aliona sura ya mwanamke kijana aliyekuwa mrembo, anamtazama mtoto ambaye ni Mwanamize mwenyewe.

"Mzito," alisema Bi Kaije. "Kashiba." Kisha akamwona Mwanamize ameinamisha shingo. "Wewe, geuza uso. Mtu mzima hasikilizi cha mtoto."

"Nimegeuza."

"Rudi nyuma. Mpaka mlangoni."

Mwanamize akarudi nyuma, hatua moja moja, mpaka kisigino chake kikagusa kizingiti, kiatu kimoja ndani, kimoja nje. Kutoka hapo aliona midomo ya mama yake ikishuka kwenye kanga. Aliiona ikisogea. Halikuwa neno refu. Maneno mawili, pengine matatu. Alikaza masikio mpaka yakapiga kelele zenyewe, na kelele hizo ndizo alizosikia.

"Haya," Bi Kaije alisema, akalaza kichwa karibu na karatasi. "Sasa hata nikilala usingizi hakuna kilichopotea."

Akalala, na kutoka usingizi huo hakuamka tena.

Mwanamize alikaa pale muda ambao hakuna wa kuupima. Baadaye alichukua ule mzigo, akaweka sikio lake kwenye kanga. Akalihamisha sikio upande mwingine. Aliufungua, akapitia ukurasa mmoja baada ya mwingine, akitafuta hata unyevu wa pumzi. Kiasi, kiasi, kiasi. Ndani ya karatasi zile hatimaye kila kitu kilikuwamo, na hazikuwa na mdomo.

Wanawake walikuja, wakaosha maiti, wakafukiza ubani usionukia. Walipomaliza wakatawanyika, isipokuwa mmoja, Hadia wa mtaa wa pili, aliyebaki ukumbini akipapasa ukingo wa buibui lake.

"Bibi, si wakati wake, nisamehe," alisema. "Dada yangu kajifungua leo, na nyumbani hatuna mtu mzima. Anataka uji. Wanasema vyote viko kwako."

Mwanamize alimtazama. Hakuona sababu ya kukataa wala ya kukubali. Aliingia jikoni kwa mama yake, akafungua daftari, akamsomea kwa sauti iliyonyooka: unga wa mchele, kibaba kimoja. Tui la nazi mbili. Hadia hakuwa na kalamu. Alisikiliza akiwa mlangoni, akitikisa kichwa, akirudia kwa midomo, na alipoona kuni zinafuka moshi tu akavua viatu, akaingia, akachuchumaa mbele ya jiko. Akachukua kipepeo cha marehemu kwenye msumari, akaanza kuchochea moto. Hakuna aliyemtuma.

Mwanamize aliacha kusoma. Aliutazama mkono wa yule mwanamke ukienda na kurudi, na mwali wa kwanza ukiinuka. Kisha daftari likamponyoka, miguu yake ikampeleka mpaka pale, akapiga magoti. Akainama mpaka midomo yake ikagusa sikio la Hadia, akaifungua, na halikuwamo neno. Na Hadia, aliyedhani anataka kuambiwa jambo, akasimamisha kipepeo ili asikie vizuri, akangoja, na moto ukaanza kufifia.